Jumapili za Mzee wetu pale Bustani ya Mimea

Mleta mada, pole sana wewe na nduguzo. Umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama ni kukosa adabu kuipeleka familia matembezini pale baba yenu alipokuwa akiwapeleka mkiwa wadogo, na mwaka wenyewe haujatimia tangu mumzike. Pili, mkifika huko mfanye nini, maana dada yako anasema bila shughuli ya kueleweka mtakuwa mmekwenda kula tu. Nitakujibu kwa yaliyotupata sisi, kwa sababu nyumbani kwetu mabishano yalikuwa hayo hayo.

Nendeni. Ila nendeni kama yeye alivyokuwa akienda: njia yake, saa zake, vitu alivyokuwa akinunua, mahali alipokuwa akikaa. Mkipageuza kuwa ukumbi wa sherehe mtarudi na picha nzuri, na baba yenu mtakuwa hamjamgusa.

Mzee wetu alikuwa fundi wa simu. Aliajiriwa enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977 akabaki Posta na Simu ya hapa nyumbani, na mwaka 1994 posta na simu zilipotenganishwa, yeye akaangukia upande wa simu mpaka akastaafu. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Akishaingia barabarani anafunguka. Anakuonyesha kabati la simu pembeni ya njia, anakwambia waya za humu zinakwenda mpaka wapi, anasalimiana na kila muuza magazeti. Sisi watoto tulimjua zaidi mjini kuliko sebuleni.

Tulikuwa tunakaa Magomeni, Dar es Salaam. Jumapili baada ya chai tunavaa viatu vya Idi, tunakwenda kituoni kusubiri Ikarusi ya UDA, shirika la usafiri la jiji, yale mabasi marefu yenye mpira katikati. Wenye umri wangu wanaikumbuka raha ya kusimama pale kwenye duara basi linapokata kona. Tunashuka Posta ya Zamani, tunaifuata Samora mpaka Sanamu ya Askari. Pale lazima tusimame. Sanamu ile iliwekwa 1927 kuwakumbuka askari wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwenye msingi wake yapo maandishi ya Kiswahili. Mzee alikuwa anatusomesha kwa zamu, kwa sauti, watu wanapita. Ukikwama, unaanza upya. Kisha anakwambia uangalie ncha ya bunduki imeelekea wapi, nawe unajibu "bandarini", ndipo mnaendelea.

Halafu Bustani ya Mimea, ile iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa. Wajerumani waliianzisha 1893 wakijaribu mimea ya biashara, wajue kipi kitastawi huku kwetu. Mzee alilijua hilo na alilirudia kila mara. Alikuwa akitupeleka kuuona mnazi wa visiwa vya Shelisheli, ule ambao mbegu yake ni kubwa kuliko mbegu yoyote ya mmea duniani. Alitupeleka kwenye mikrismasi, ambayo ikifika Novemba na Desemba inawaka nyekundu kiasi kwamba hata chini unakanyaga wekundu. Tausi walikuwa wakilia, mdogo wetu wa mwisho anajificha nyuma ya suruali ya baba. Tukishachoka kukimbia tunamkuta kwenye benchi na karanga za kwenye karatasi na kikombe cha kahawa chungu. Hapo ndipo tunagawiwa kashata, kipande kwa kila mtu, hakuna cha nyongeza.

Mshahara ukiwa bado una uhai, tunaingia Makumbusho kumwona Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwezi Julai 1959, la mtu wa kale aliyeishi kama miaka 1,750,000 iliyopita. Mzee anatupanga mstari: "Huyu ni babu wa mababu zenu, mwamkieni." Na sisi kwa pamoja: "Shikamoo babu!" Wataalamu wanasema tawi lile la watu wa kale lilikatika, halikutufikia sisi. Mzee nadhani angewasikiliza kwa heshima, na shikamoo ingebaki pale pale.

Tunarudi alasiri, kamwe si kabla. Hata jua likiwa kali, hata mtoto akilia. Hilo la alasiri liweke akilini, nitalirudia.

Alipofariki, mama alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, akatoka. Kaka yetu mkubwa akaja na mpango: maturubai, fulana zenye picha ya Mzee mbele na tarehe zake mgongoni, mshereheshaji, na kila mtoto asimame aseme maneno matatu. Ninamwelewa, na wala simlaumu mtu anayefanya hivyo. Kaka ndiye aliyekuwa akihangaika na Mzee hospitali usiku na mchana, na alitaka kitu kikubwa kilingane na uzito alioubeba. Dada yako huenda naye ana uzito wa namna hiyo. Muulize kabla ya kumpinga.

Mama ndiye aliyeamua. Alisema dua isomwe nyumbani Alhamisi baada ya Isha, hitma kamili, watoto wa madrasa wapewe sadaka yao, majirani wale. Jumapili tutoke. Hakutaka vitu hivyo viwili vichanganywe, na mimi naona hapo ndipo alipotuokoa. Mtu akishamwombea mzazi wake vizuri, na sadaka imetoka kwa jina lake, anakwenda matembezini moyo umetulia, hana haja ya kuthibitisha chochote mbele ya watu. Kwa hiyo kama nyinyi ni Wakristo, ianze misa yenu. Kama ni Waislamu, ianze dua. Haki ya marehemu kwanza. Baada ya hapo sioni utovu wa adabu uko wapi.

Siku hizi ni mabasi ya mwendokasi, si Ikarusi. Tulipanda Magomeni, tukashuka Posta ya Zamani kama kawaida yetu. Mama alikuwa na kanga yake na mfuko wa chapati na bagia, anakataa kusaidiwa kuubeba. Kwenye Sanamu ya Askari kaka akasimama bila kuambiwa, akawapanga watoto wake, wakasoma. Yule wa darasa la tatu alikwama. Kaka akasema, "Anza upya," na sauti ilikuwa ya Mzee kabisa. Mama aligeuka haraka sana.

Bustani yenyewe imezungukwa na maghorofa, na kwa macho ya mtu mzima ni ndogo kuliko ile niliyoibeba kichwani miaka yote. Msiogope hilo. Ndani ya muda mfupi watoto walikuwa wanakimbia, na sisi wakubwa tukaanza kugombana. Nasema kugombana kweli. Kaka alisema Mzee alikuwa mkali, hapa hapa aliwahi kumchapa kwa kuchuma ua. Mdogo wetu wa mwisho akasema haiwezekani, yeye Mzee alikuwa akimbeba mabegani na maua alikuwa akimchumia mwenyewe. Dada akasema nyote waongo, Mzee hapa alikuwa analala tu na gazeti usoni. Tulivyozidi kubishana ndivyo nilivyoelewa kwamba kila mmoja alikuwa anasema kweli. Kaka alilelewa na kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye hofu ya kuharibu mtoto wa kwanza. Mdogo wetu alilelewa na mtu wa makamo aliyekwisha kuzika wazazi wake. Tulikuwa na baba mmoja kwa jina, na kila mtoto alipewa wake. Pale kwenye matanga, wiki nzima tumelala chumba kimoja, hakuna aliyelisema hilo, kwa sababu matangani watu wanasifu tu. Na ni sawa wasifu, ndiyo kazi ya siku zile.

Mama alikuwa kimya, anamenya chungwa. Halafu akasema, kama anayeongea na chungwa: "Mnajua alikuwa anawaleta huku ili mimi nilale?"

Hatukuwa tunajua. Mama alikuwa muuguzi. Jumamosi usiku ilikuwa zamu yake kwa miaka mingi, anarudi Jumapili asubuhi amechoka vibaya, na nyumba ilikuwa vyumba viwili na watoto wanne. Mzee akawa anatuvalisha viatu na kutuondoa. Ndiyo maana hatukurudi kabla ya alasiri. Ndiyo maana mama hakuja nasi hata siku moja, nasi utoto wetu wote tukaamini kwamba yeye hapendi matembezi.

Mdogo wetu akauliza, "Kwa hiyo Mzee mwenyewe hakuipenda bustani?"

"Alikuja kuipenda," mama akasema. "Mwanzo alikuwa anatafuta pa kuwaweka pasipo kiingilio. Majina ya miti alifundishwa na mtunza bustani. Alikuwa akirudi ananiamsha kunitajia."

Mleta mada, mimi nimelia msibani, nimelia makaburini, lakini siku ile ndiyo niliyomjua baba yangu. Alikuwa mtu aliyeona mke wake amechoka, akatafuta njia isiyo na gharama, asiseme neno, mpaka sisi tukadhani ni starehe yake. Neno hilo mama alikuwa nalo miaka yote. Hakuna aliyewahi kumkalisha mahali ambapo lingeweza kutoka.

Ndiyo sababu nakwambia kuhusu shughuli msipange chochote. Fanyeni aliyokuwa akifanya yeye. Kama alikuwa ananunua madafu, nunueni madafu, na mnywe mmesimama kama alivyokuwa anasimama. Kama mahali penu ni ufukwe wa Coco, basi ni mihogo na pilipili, na watoto wachezee mchanga. Kama ni pantoni ya Kigamboni, msikatize darajani eti kwa kuwa daraja lipo tangu 2016. Pandeni pantoni, mkae upande aliokuwa akikaa. Kama ni Mnazi Mmoja, tafuteni kivuli chake. Wanaokumbuka watajikuta wanazungumza, na wasiokumbuka wataanza kuuliza.

Chukueni mtu aliyemjua kabla yenu. Hili kwangu ni kubwa kuliko yote. Mama, au shangazi, au rafiki yake wa kazini ambaye bado ana nguvu za kutembea. Mkienda watoto peke yenu mtabadilishana yale mnayoyajua tayari. Na mtu huyo msimhoji, msimwekee simu mdomoni kurekodi. Mpeni kiti cha kukunja, kivuli na kitu cha kumenya.

Kuhusu wajukuu ambao hawakumwona babu yao, wasilazimishwe kuhuzunika. Wangu walikwenda Makumbusho wakaagizwa wamwamkie Zinjanthropus, wakapiga shikamoo iliyomfanya mlinzi acheke, kisha wakaenda kuyashangaa magari ya zamani ya viongozi, ikiwemo ile Rolls-Royce aliyowahi kuitumia Mwalimu Nyerere. Wanamjua babu yao kama mtu aliyeanzisha shikamoo ya fuvu. Kwa umri wao inatosha, mengine watayapata kadiri wanavyokua. Mjomba mmoja alisema huo ni mchezo. Mimi sikubaliani naye, na nilimwambia kwa adabu.

Mambo madogo madogo: mkiwa na mzee anayesumbuliwa na miguu, nendeni miezi ya kusi, Julai au Agosti, jua halina ukali. Mkitaka mikrismasi iwe imechanua, vumilieni joto la Desemba na mwende asubuhi. Masika usithubutu. Makumbusho kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni, kwa hiyo wakubwa wabebe vitambulisho. Chakula kitoke nyumbani, kipikwe alichokipenda yeye.

Na hapo ndipo pa dada yako. Hajakataa kumkumbuka baba yenu, anaogopa hatakumbukwa kwa uzito. Mwachieni dua yote aipange yeye, kuanzia shehe au padri mpaka sahani, na msimbanie pesa. Siku ya matembezi mwombeni apike kile ambacho baba yenu alikuwa akimwagiza yeye tu. Halafu kabla hamjataja tarehe, muulizeni mama yenu kama yuko tayari kutoka. Akisema bado, subirini.