Senta unayeelekea chuo Marekani: soma misimu mitatu ya Thabeet pale Connecticut

Kijana mrefu akianza kikapu Dar es Salaam, haipiti wiki kabla hajatajiwa Hasheem Thabeet, senta Mtanzania (senta ni mchezaji mrefu anayekaa karibu na ringi). Kwa bahati mbaya wengi huanzia mwisho wa habari: drafti (uchaguzi wa wachezaji wapya) ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, mwaka 2009, chaguo la pili, timu ya Memphis, kisha mambo hayakwenda. Kwako unayeanza, yenye faida zaidi ni misimu mitatu iliyotangulia, 2006 hadi 2009, alipochezea Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Humo utaona senta anavyotengenezwa, na utaona pia kilichobaki kabla ya kazi kwisha.

Anza na takwimu zake kwa mchezo mmoja. Msimu wa kwanza: pointi 6.2, rebaundi (mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa) 6.4, bloku (mitupo aliyoizuia) 3.8. Wa pili: pointi 10.5, rebaundi 7.9, bloku 4.5. Wa tatu: pointi 13.6, rebaundi 10.8, bloku 4.2. Bloku zilikuwepo tangu alipofika na hazikupanda sana, kwa sababu sentimita 221 alikuja nazo. Kilichokua ni rebaundi na pointi, yaani vile vinavyotokana na miguu, mikono na pumzi. Na huyu ni mtu aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Kwa hiyo ukiwa na miaka 16 na hujui leyapu ya mkono wa kushoto, hujachelewa, ila huna siku ya kupoteza.

Lazima ujue kwa nini chuo kilimfaa sana. Kwenye NBA, beki haruhusiwi kukaa ndani ya boksi, lile eneo la mstatili mbele ya ringi, zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu kwa karibu. Vyuoni sheria hiyo haipo. Senta mrefu anaweza kusimama mbele ya ringi shambulizi zima, na kila anayeingia anamkuta pale. Tena boksi la chuo lina upana wa mita 3.66 tu, wakati la FIBA (shirikisho la kikapu duniani) unalofanyia mazoezi nyumbani lina mita 4.9. Ukifika kule, mpinzani wako anapokea mpira karibu zaidi na ringi kuliko ulivyozoea. Mkabe mapema, kabla hajapokea.

Kuna tofauti nyingine inayowagharimu wachezaji wanaotoka kwetu: kwa sheria za FIBA, mpira ukishagusa ringi unaweza kuupangusa hata kama bado uko juu yake. Chuoni hiyo ni kosa, na mkiwa mnazuia, wapinzani wanapewa pointi zao. Subiri mpira utoke kwenye eneo la ringi. Mkono uliozoea kupangusa hauachi kwa siku moja, kwa hiyo anza kuuzuia sasa.

Bloku. Wengi hudhani ni kuruka juu kuliko mwenzako. Bloku nzuri huanza miguuni. Ukiwa upande usio na mpira, kaa umbali wa kumfikia mtu wako kwa hatua mbili, mguu mmoja ukiwa ndani ya boksi, viganja usawa wa masikio. Mpigaji akija, piga hatua moja ujiweke kati yake na ringi, kisha usiruke. Acha yeye aruke kwanza. Ukiwa mrefu kuliko wote, ukiruka wa pili bado unafika. Ukiruka wa kwanza atakudanganya kwa kichwa na mabega, na utamwangukia. Ruka wima, mikono juu, kifua chako kisimfuate. Akitumia mkono wa kulia, tumia wa kushoto, maana uko moja kwa moja mbele ya mpira. Ukipeleka wa kulia, bega lako litapita mbele ya uso wake na refa atapiga filimbi. Halafu usiupige mpira kwenda jukwaani hata kama watu watashangilia, kwa sababu utarudishwa kwa walewale. Uguse kwa vidole, ubaki uwanjani, mwenzako auchukue.

Faulo ni tano tu, kwa dakika 40. Ukipata mbili kipindi cha kwanza, makocha wengi watakuketisha hadi mapumziko. Faulo rahisi kuliko zote ni ile ya kumfuata mtu aliyekwisha kukupita. Mwache afunge.

Sasa tuje kwenye mechi ambayo kila senta mgeni aitafute na aitazame mara tatu: Connecticut dhidi ya Pittsburgh, Februari 16, 2009. Connecticut ilikuwa namba moja nchini, na siku hiyo Thabeet alikuwa anatimiza miaka 22. Aliyemkaba ni DeJuan Blair, mwenye sentimita 201 tu, mfupi kwa sentimita 20. Blair alimaliza na pointi 22 na rebaundi 23. Thabeet alipata pointi 5 na rebaundi 4. Pittsburgh ilishinda 76-68. Waligombea rebaundi wakafungana mikono, Blair akampindua juu ya mgongo wake hadi chini.

Usitazame mpira, tazama kiuno cha Blair. Kila mtupo ukienda hewani, anamtafuta Thabeet kwanza, anashusha makalio, anamkalia mapajani na kumsukuma kuelekea mstari wa nyuma. Mtu mrefu aliyenyoosha magoti, akisubiri mpira kwa mikono, hana cha kushikilia ardhi. Akisukumwa nusu mita chini ya ringi, mpira unadunda na kupita juu ya kichwa chake, na urefu wote haumsaidii.

Dawa yake ni mpangilio, na ujirudie hadi mwili uufanye wenyewe. Mpira ukitoka mkononi mwa mpigaji, mguse mtu wako kwa mkono kifuani. Geuka kwa pivoti, yaani mguu mmoja ukibaki pale pale, makalio yako yakae juu ya magoti yake, viwiko wazi. Shikilia kwa kuhesabu mbili. Ndipo utafute mpira. Nguvu za kufanya hivyo zinatoka kwenye kuchuchumaa na uzito mabegani, na kwenye misuli ya tumbo na mgongo. Mara tatu kwa wiki inatosha, ukianza na uzito unaoweza kuchuchumaa nao mara nane huku mgongo umenyooka. Warefu hukimbilia kunyanyua vyuma vya kifua kwa sababu vinaonekana. Senta anasukumwa kiunoni.

Kwenye kufunga, iga alichokifanya Thabeet vizuri: alitupia karibu na ringi tu, na misimu miwili ya mwisho zaidi ya asilimia 60 ya mitupo yake iliingia. Ukipokea, mpira usishuke chini ya kidevu, kwani ukishuka hadi kiunoni walinzi wafupi wanaufikia. Ila ongeza ambacho yeye hakuwa nacho cha kutosha, mtupo wa kuaminika akiupa mgongo ubao. Vyuo viliwahi kupiga marufuku danki kuanzia 1967 hadi 1976, marufuku iliyoanza wakati senta Lew Alcindor (baadaye Kareem Abdul-Jabbar) yuko chuo cha UCLA, na aliendelea kufunga kwa ndoano ya mkono mmoja. Fanya zoezi la Mikan kila siku, dakika tatu: funga chini ya ringi kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, bila mpira kugusa sakafu.

Pumzi nayo. Machi 12, 2009, Connecticut na Syracuse walicheza dakika 70, vipindi sita vya nyongeza vikiwemo, na Syracuse ikashinda 127-117.

Mwisho ni makaratasi, na hapa ndipo vipaji vingi hukwama. Kuchezea Daraja la Kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kunadai masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa 2.3 kwa kipimo cha Marekani cha 4.0. Ukifika chuoni kwa viza ya F-1, lazima usajili angalau saa 12 za masomo (credit hours) kila muhula. Usisaini chochote na wakala. Jina na tarehe ya kuzaliwa viwe vilevile, herufi kwa herufi, kwenye cheti cha kuzaliwa, pasipoti na matokeo ya mtihani wa taifa. Zikitofautiana, anza kurekebisha ukiwa kidato cha pili, si wiki ya safari.