Shaba Imelika au Imechongwa?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni fundi wa redio na amplifaya hapa Kondele, Kisumu. Ninawafundisha vijana wawili kujitengenezea bodi za saketi kwa njia ya picha, na nimeanza kuwaandikia maelezo kwa Kiswahili. Nimekwama pale bodi inapoingia kwenye dawa ya kuondoa shaba isiyotakiwa. Niandike shaba inachorwa, inachongwa au inakuliwa? Na kuiweka bodi chini ya taa, naweza kuita kuanika?

JIBU: Sijambo, fundi. Neno unalolitafuta umelikaribia sana: ni kula. Bati la nyumba likitoboka, husemi kutu imelichonga. Unasema kutu imekula bati. Ndivyo ifanyavyo dawa yako, feriki kloraidi: inakula shaba iliyo wazi na kuiyeyusha, inaiacha ile iliyofunikwa.

Kuchonga kunataka ncha. Wachongaji wa Tabaka kule Kisii huchonga mawe kwa visu na patasi, na mtumbwi huchongwa kwa tezo. Siku utakapopata mashine ya kukwangua shaba kwa ncha inayozunguka, hapo andika inachonga bila wasiwasi. Kuchora nako zamani kulibeba pia maana ya kukata alama kwenye mti au chuma, lakini leo ukimwambia kijana achore bodi atashika kalamu au kompyuta, na hatakuwa amekosea. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kupanga njia za umeme kabla ya kuzichapa kwenye plastiki angavu itakayolazwa juu ya bodi chini ya taa.

Sasa hilo "inakuliwa". Nalisikia kila siku, Kisumu hadi Kakamega, na ningependa sana ulitoe kwenye maelezo yako. Ile ku ya "inakula" imo kwa sababu mzizi -la una silabi moja tu, na mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ku ndiyo inayoubeba. Ukitia kiambishi cha kutendwa unapata -liwa, silabi mbili zinazojitosheleza, na ku haina kazi tena. Ndiyo maana twasema inakula lakini inaliwa, amekunywa lakini imenywewa, amekufa lakini amefiwa.

Kisha kuna imelika, na hapa ndipo vijana wako watakaponufaika zaidi. Imeliwa ina mtendaji nyuma yake, hata asipotajwa: shaba imeliwa na dawa. Imelika hutazama hali ya kitu chenyewe, kama soli iliyolika au tairi lililolika, kwa hiyo usiandike "imelika na dawa". Waandikie hivi: "Tikisa beseni la plastiki polepole mpaka shaba yote iliyo wazi ilike." Onyo nalo liwe: "Ukiichelewesha bodi humo, hata njia nyembamba zitaliwa kutoka pembeni." Jihadhari na hailiki, maana ndilo neno tunalotumia kwa uyoga usiofaa kuliwa. Dawa ikishapungua nguvu, andika "dawa haili tena shaba", au kama mafundi wasemavyo, imechoka.

Kuanika, hapana. Omena huanikwa pale Dunga ili wakauke. Mwanga wa urujuanimno (UV) wa taa yako haukaushi bodi. Unabadilisha utando uliopakwa juu ya shaba. Sema kumulika, hata kama badala ya taa unatumia jua lenyewe la Kisumu. Na uwaeleze mapema wana utando wa aina gani, kwa kuwa upo unaolainika pale ulipomulikwa na upo unaokuwa mgumu pale ulipomulikwa, na michoro ya aina hizo mbili huchapwa kinyume.

Hatua inayofuata hukuiuliza, lakini ina neno zuri tulilorithi kutoka studio za picha: kusafisha. Wapiga picha walisafisha filamu, nawe, ukiwa na utando ule wa kulainika, unasafisha bodi katika maji yenye kostiki soda kidogo mpaka mchoro uonekane. Kuipitisha baadaye kwenye maji matupu ni kusuuza. Tenganisha maneno haya mawili kwenye karatasi yako, kwa sababu kijana akisuuza mahali pa kusafisha, utando utabaki wote juu ya bodi na dawa haitapata shaba ya kula.