Maswali ya Wasomaji: Je, Hewa Ukaa Itatuongezea Mavuno?

SWALI: Mhariri, mimi ni mkulima wa uwele, karanga na alizeti. Mwanangu anayesoma sekondari ameniambia kwamba hewa ukaa, hiyo inayolaumiwa kwa kuharibu tabianchi, ndiyo chakula cha mimea, na kwamba Uholanzi wakulima wa nyanya huipuliza kwa makusudi ndani ya vitalu nyumba. Kwa nini basi tusitarajie mavuno zaidi kadiri inavyoongezeka?
*Msomaji, Kongwa*

JIBU: Mwanao amesema kweli, ila hakuimaliza. Mmea hutengeneza chakula chake kwa maji, hewa ukaa na nguvu ya jua. Kabla ya enzi ya viwanda, hewa hiyo ilikuwa kiasi cha sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Leo imepita 420. Lakini mkulima wa nyanya wa Uholanzi ana maji wakati wote, mbolea iliyopimwa na joto analolidhibiti mwenyewe, kwa hiyo kinachopungua kwake ni hewa ukaa. Kongwa hupungua maji kwanza, kisha rutuba.

Zaidi ya hayo, mazao yako hayafanani. Karanga na alizeti, pamoja na kunde, zabibu na mpunga wa Bahi, zimo katika kundi la mimea ambayo kimeng'enya chake cha kunasa hewa ukaa mara nyingi hunasa oksijeni badala yake, na kila kinapokosea hivyo mmea hupoteza sehemu ya nguvu uliyokwisha kuipata. Hewa ukaa ikiongezeka, makosa hayo hupungua na mmea hukua upesi zaidi, mradi udongo una fosforasi na virutubisho vingine vya kuuwezesha. Uwele, mtama na mahindi haviko hivyo. Ukikata jani la uwele kwa kukingama na kulitazama kwa hadubini, utaona kila mshipa umezungukwa na duara la seli nene zilizobanana. Humo ndimo mmea unamorundika hewa ukaa kabla ya kuitumia, hata ikiongezwa nje huwa umekwisha kutosheka. Katika jimbo la Illinois, Marekani, mahindi yaliyopulizwa hewa hiyo mwaka 2004, msimu ambao haukuwa na ukame, hayakuzaa kuliko yale ya kawaida.

Faida ya uwele na mtama iko katika maji. Jani hupumua kupitia matundu madogo mno, na kila yanapofunguka kuingiza hewa, maji nayo hutoka. Hewa ukaa ikiwa nyingi, matundu hayo hufumba kiasi na unyevu wa udongo hudumu zaidi. Majaribio ya mtama yaliyofanyika Arizona yalionyesha ongezeko la mavuno pale maji yalipokuwa haba, wala si pale yalipokuwa tele. Kwa Dodoma, inayopata takriban milimita 600 za mvua au pungufu, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, naona hiyo ndiyo habari njema pekee ya kutiliwa maanani. Hata hivyo haitaokoa miche iliyoota kwa mvua za kwanza kisha ikaachwa majuma kadhaa juani. Tena jani lililofumba matundu hupata joto zaidi, na hewa hiyohiyo ndiyo inayoongeza joto la dunia. Joto kali wakati wa kuchanua huharibu chavua, na ua lisilochavushwa halitoi punje.

Kuna na suala la lishe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba ngano na mpunga vilivyokuzwa katika hewa ukaa nyingi vilikuwa na zinki, madini ya chuma na protini pungufu, ilhali mtama haukuathirika sana. Wanaouona ugali wa mtama kuwa chakula cha kimaskini wangefaa kulitafakari hilo. Na usisahau palizi, kwa sababu magugu mengi ya majani mapana yako kundi moja na karanga, hivyo ndani ya shamba la uwele yanaweza kufaidi kuliko uwele wenyewe.

SWALI: Je, nikichoma mabua shambani, moshi wake hautaipa mimea hewa hiyo?
*Msomaji, Chamwino*

JIBU: Hapana. Hewa inayotoka kwenye moto hutawanywa na upepo mara moja, na wakati wa kuchoma, kabla ya mvua, huwa hakuna hata mmea shambani wa kuitumia. Unachopoteza ni naitrojeni iliyokuwa ndani ya mabua, pamoja na kivuli ambacho kingezuia udongo kukauka. Yaache yalale juu ya udongo. Kama ng'ombe wa jirani huingia shambani baada ya mavuno, na kwetu ndivyo ilivyo, patana naye mapema akuletee samadi kabla ya Desemba.