Mbao za kompoziti au mninga kwa baraza la nje: hesabu zangu za miaka 12 hapa Kigoma

Ndugu yetu wa Tabora ameuliza kama ni busara kununua mbao za kompoziti, yaani za unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, kwa baraza la mita za mraba 40 mbele ya nyumba yake ya wageni, kwa kuwa muuzaji amemhakikishia kwamba zitakaa miaka 25 bila matunzo, au abaki na mninga anaoupata jirani. Nami nina nyumba ya wageni huku Bangwe, kwenye mteremko unaoshukia ziwani, na tangu mwaka 2013 nimejenga sakafu tatu za nje kwa mbao za aina tatu, nikiandika kila shilingi iliyotoka. Nitamjibu kwa daftari hilo. Ili ulinganisho uwe wa haki, nimetumia bei za mwaka 2018, nilipopata bei za aina zote tatu kwa wakati mmoja, na sakafu ya mninga pamoja na fremu yake nimeihesabu kuwa shilingi 100.

Sakafu ya mninga ndiyo ya kwanza, na bado ninaikanyaga kila siku. Kila Septemba, kabla mvua hazijaanza, fundi huisugua na kuipaka mafuta ya kitani, kazi ambayo hunigharimu kama shilingi 6 kwa mwaka katika kipimo hicho. Mwaka wa nane tulipiga msasa sakafu nzima na kubadilisha mbao tano, nikatoa shilingi 12 nyingine. Jumla ya miaka 12 ni shilingi 184, yaani kama shilingi 15 kwa mwaka.

Sakafu ya pili niliijenga mwaka 2016 karibu na maji, kwa mbao za kompoziti za bei nafuu, zile zenye matundu ndani kama tofali la bloku na zisizo na ganda la plastiki juu. Pamoja na usafiri kutoka Dar es Salaam ziligharimu shilingi 130. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, kwa maumivu. Pasipo ganda, unga wa mbao ulio juu hunywa maji kama mbao nyingine yoyote. Masika ya tatu yalipokwisha, madoa meusi ya ukungu yalikuwa yameenea mahali pote penye kivuli, na hayakutoka hata kwa sabuni na brashi ngumu. Ziwa lilipopanda mwaka 2021 likaifunika sakafu kwa wiki kadhaa, matundu yalijaa matope, ncha zilizokatwa zikavimba, na skrubu zikaanza kuchomoka. Mguu wa kiti cha mgeni ulitoboa ubao mmoja, na nilishukuru kwamba hakuumia. Mwaka 2022 niliziondoa zote. Kwa miaka sita niliyozitumia, kila mwaka umenigharimu karibu shilingi 22 kabla ya kulipa vibarua wa kuzibomoa, na mabaki hayakufaa hata kwa kigoda, ilhali vipande vya mninga hugombaniwa na maseremala.

Sakafu ya tatu, ya mwaka 2018, ni ya mbao za kompoziti zisizo na tundu na zenye ganda la plastiki pande zote. Hizi ni bidhaa nyingine kabisa, na ni makosa kuzihukumu kwa dhambi za zile za kwanza. Zilinigharimu shilingi 240, nikaongeza 30 za vyuma, kwa sababu maelekezo yake yalitaka mihimili ipangwe kila sentimita 30. Kompoziti hulegea kuliko mbao ngumu. Tangu hapo matunzo yake ni maji, sabuni na brashi tu, na rangi haijabadilika kwa kiasi cha kuonekana. Hata hivyo, shilingi 270 zitalingana na gharama ya mninga baada ya miaka 23 au 24, mninga ukiendelea kudai matunzo yaleyale, na hilo litawezekana ikiwa fremu iliyo chini nayo itafika huko.

Fremu ndiyo jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mchwa hawali plastiki, lakini hula mihimili ya mbao iliyo chini yake, na ninyi wa Tabora mnawajua mchwa kuliko sisi. Weka fremu ya chuma kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu, juu ya nguzo fupi za zege zinazoiinua angalau sentimita 30 kutoka ardhini. Mwambie fundi aache nafasi kwenye ncha: kompoziti hurefuka kwa joto, na ubao wa mita 4 unaweza kuongezeka kama milimita tano kati ya alfajiri na jua la saa nane, jambo ambalo maseremala waliozoea mninga hawalitarajii.

Kuna pia joto la kukanyagia. Ubao wa rangi ya kahawia iliyokolea huchoma nyayo mchana. Mimi nilichagua kijivu hafifu, na bado watoto huukimbilia mninga.

Soma dhamana hiyo ya miaka 25 neno kwa neno. Mara nyingi ni ya nyumba ya familia, na jengo la biashara kama lako hupewa muda mfupi zaidi; tena hulipia ubao wenye kasoro, si fundi wala usafiri.

Kwa mahali ulipo, ningejenga kwa mninga sehemu kubwa, nikinunua wenye alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, inayoonyesha kwamba umevunwa kihalali, kwa kuwa mti huu huchukua miongo mingi kukua na wizi wake unatumaliza. Kompoziti yenye ganda ningeiweka penye bomba na penye kivuli kisichokauka. Kabla hujalipa, omba kipande kilichokatwa, kipime kwenye mizani ya dukani, kiloweke ndooni siku saba, kisha ukifute na kukipima tena. Kikiwa kimeongezeka uzito wa kuonekana, mrudishie mwenyewe.