Stendi ya Balbu kwa Gharama Ndogo: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu yuko kidato cha pili na hujisomea usiku kwenye meza ya sebuleni. Taa ya chumba iko katikati ya dari, nyuma ya mgongo wake, kwa hiyo kila anapoinama kuandika, kivuli cha kichwa chake huangukia daftari. Niliulizia taa ya mezani dukani nikatajiwa shilingi 35,000, fedha ambayo kwa mwezi huu sina. Nikajaribu kusimamisha holda juu ya kopo tupu la maziwa ya unga, nikaikaza kwa plasta, lakini siku ya pili yake mdogo wake alipita mbio akajikwaa kwenye waya, kopo likapinduka na balbu ikapasuka. Naomba mnielekeze namna ya kutengeneza stendi rahisi ambayo haitaanguka ovyo wala kumpiga mtu shoti. – Mama wa wawili, Pasua, Moshi.

JIBU: Mama, pole kwa balbu iliyopasuka. Mtoto usimlaumu sana, kwa maana kopo tupu lililobeba holda na balbu juu yake limebeba uzito wote kichwani, na kitu cha namna hiyo huangushwa hata na paka. Ukiniuliza stendi ya taa ni kitu gani, nitakujibu kwamba ni kitako. Mlingoti na kofia ni nyongeza. Watu wengi wanaojitengenezea stendi humaliza fedha na ujuzi wao kwenye sehemu ya juu inayoonekana, halafu chini wakapigilia kipande cha ubao chochote kilichokuwa karibu.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye jambo lenyewe. Chukulia stendi yenye mlingoti wa sentimita 40 na mkono mfupi unaotokeza mbele, ambayo sehemu yake ya juu, yaani holda, balbu na kofia, ina uzito wa gramu 250. Ikiwa kitako chake ni ubao wa gramu 300 wenye upana wa sentimita 18, kitovu cha uzito wa stendi nzima, yaani mahali ambapo uzito wake wote hujilinganisha, hukaa juu, karibu sentimita 18 kutoka mezani, na stendi huanguka kifudifudi ikiinamishwa digrii 18 tu. Ondoa ubao huo, weka kitako cha upana uleule chenye uzito wa kilo 1.6, na kitovu kinashuka hadi kama sentimita 7. Sasa itabidi uiinamishe mpaka digrii 48 hivi ndipo ianguke. Mlingoti ni uleule na balbu ni ileile. Kilichobadilika ni kilo 1 na ushei ya uzito, na uzito huo unapatikana kwa saruji na mchanga.

Tafuta ndoo ndogo ya plastiki iliyokuwa na rangi, ambayo upana wake wa chini unakaribia sentimita 18, uisafishe na kuipaka mafuta ya kupikia upande wa ndani ili saruji isigande humo. Changanya sehemu 1 ya saruji na sehemu 3 za mchanga wa mtoni uliochekechwa, ukiongeza maji kidogo kidogo hadi mchanganyiko uwe laini kama ugali wa mgonjwa, usifikie kuwa uji. Mimina hadi kimo cha sentimita 3, nawe utakuwa umepata kilo moja na nusu au zaidi kidogo.

Mlingoti uwe bomba la plastiki la milimita 20, lile ambalo mafundi wa umeme hupitishia nyaya ukutani. Huna haja ya kununua bomba zima: popote nyumba inapojengwa, iwe Rau au Soweto, fundi hubakiwa na vipande, na kwa kazi hii sentimita 60 hadi 70 zinakutosha. Kata sentimita 43 kwa ajili ya mlingoti, uzibe ncha ya chini kwa karatasi ya nailoni, kisha pitisha msumari mwembamba kwa kukingama sentimita 1 kutoka ncha hiyo. Msumari huo utazikwa ndani ya saruji na kulizuia bomba lisizunguke, jambo ambalo mwenye haraka hulipuuza, halafu baada ya mwezi mmoja taa yake inageukia ukutani kila inapoguswa. Bomba usilisimamishe katikati ya kitako. Lisimamishe nyuma, sentimita 4 kutoka ukingoni, ili mkono utakapotokeza mbele uwe umepita juu ya kitako na si kuning'inia nje yake. Lifunge kwa uzi kwenye kijiti kilicholazwa juu ya mdomo wa ndoo ili lisimame wima, uliache hadi kesho yake.

Baada ya siku moja toa kitako ndani ya ndoo, lakini usikianike juani. Saruji haikomai kwa kukauka kama nguo kambani. Hukomaa kwa kuyatumia maji yaliyomo ndani yake, hivyo ukifunike kwa gunia lililoloweshwa kwa muda wa wiki moja. Najua mtoto ana mtihani na wiki ni ndefu, lakini kitako kilichoanikwa mapema huanza kubanduka vipande vidogo vidogo pembeni na kuchafua meza.

Kabla hujaendelea na sehemu ya juu, sina budi kukueleza habari ya balbu zenyewe, kwa kuwa ndizo zinazoamua umbo la stendi. Balbu ya zamani ya waya, ile ambayo wengi wetu tumezoea kuiita globu, hutoa mwanga pande zote. Balbu nyingi za LED zina shingo nyeupe isiyopitisha mwanga, na mwanga wake mwingi huelekea mbele, kule kwenye kichwa cha balbu. Maana yake ni kwamba ukiisimamisha LED juu ya mlingoti ikitazama juu, utaimulikia dari na daftari litabaki na mwanga wa kuazima. Ndiyo sababu ninakushauri stendi yenye mkono: juu ya mlingoti weka elbo, yaani kiungo cha kona, kisha kipande cha bomba cha sentimita 15 kiende mbele, kisha elbo nyingine inayotazama chini, na mwisho boksi dogo la duara la plastiki, lile ambalo mafundi huliita raundi boksi. Boksi hilo hupokea bomba la milimita 20 upande mmoja, na matundu yake ya skrubu hulingana na holda ya kubandika, ile ya darini, kwa hiyo hutahitaji kuchonga wala kuunga chochote. Pitisha waya kwanza katika vipande vyote, ndipo upake gundi ya mabomba kwenye maungio. Ukianza na gundi, utauhangaikia waya kwenye kona za elbo mpaka usiku.

Sasa waya, na hapa usibane matumizi hata kidogo. Tumia waya laini wa nyuzi mbili zilizofunikwa kwa ganda la pamoja, wenye unene wa milimita za mraba 0.75. Usikubali kupewa ule mgumu wa ukutani wenye shaba moja nene, kwa sababu umetengenezwa ili ulale mahali pamoja na hukatika ndani kwa ndani ukikunjwakunjwa. Toboa bomba sentimita 2 juu ya kitako, upande wa nyuma, ulainishe tundu kwa msasa ili lisikwaruze ganda, utoe waya hapo na kuubana kwenye bomba kwa vikamba viwili vya plastiki vya kufungia nyaya. Ndani ya boksi, kabla nyuzi hazijafika kwenye skrubu za holda, zipige fundo moja, ili waya ukivutwa fundo ndilo lizuie, si skrubu.

Kutopiga fundo hilo kulinigharimu. Stendi yangu ya kwanza, niliyoitengeneza nilipokuwa nimepanga chumba Majengo, ilikuwa na kitako kizito kiasi kwamba niliringa nacho kwa jirani. Siku moja mtu aliukanyaga waya. Stendi haikutikisika, nami nikafurahi. Kumbe kwa kuwa kitako kilikataa kusogea, nguvu yote ilikwenda kwenye waya, uzi mmoja ukachomoka nusu kwenye skrubu, ukabaki ukigusa na kuachia. Nilisikia mlio kama wa mafuta yanayochemka, kisha harufu ya plastiki inayoungua, na nilipofungua nikakuta holda imekuwa nyeusi. Kadiri kitako kinavyokuwa kizito, ndivyo fundo linavyokuwa la lazima.

Swichi ikatize uzi wa moto, ambao katika nyaya za siku hizi ni wa kahawia, na ule wa buluu upite bila kukatizwa. Ikiwa holda ni ya kuzungusha, uzi wa moto uende kwenye kile kibati cha katikati na wa buluu uende kwenye sehemu ya hesi, ili mtoto akigusa shingo ya balbu wakati wa kuibadilisha asikutane na umeme. Holda ya pini haina masharti hayo. Plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa huwa na fyuzi ndani, na mara nyingi utakuta ya ampia 13. Itoe, uweke ya ampia 3. Kwa umeme wetu wa volti 230, ampia 3 ni wati 690, nyingi mno kwa taa ya wati 7, lakini ni chache kiasi cha kuulinda waya wako mwembamba hitilafu inapotokea. Ukinunua holda na plagi, angalia kama zina alama ya ubora ya TBS, na kama hujawahi kufunga waya, mwite fundi akufungie sehemu hiyo mbele ya macho yako, kisha aikague kabla ya kuchomeka.

Kofia ya taa inaweza kuwa nusu ya kibuyu iliyotobolewa juu na kubanwa kwa pete ya holda, ikiachiwa nafasi ya hewa kupita. Ukingo wake usipande juu ya usawa wa macho ya mtoto akiwa amekaa; kwa kimo cha stendi hii hautapanda. Kama anaandika kwa mkono wa kulia, taa ikae kushoto kwake, na kama ni wa mashoto, ikae kulia. Chini ya kitako bandika soli ya kandambili kuukuu iliyokatwa duara zima. Wapo wanaopendelea vipande vitatu ili stendi isiyumbe kwenye meza iliyopinda, nao wana haki, mradi kipande kimoja kikae mbele kabisa, chini ya mkono. Vinginevyo utakuwa umejipunja upana wa kitako ulioutolea jasho.

SWALI: Mimi ni kijana ninayechomelea mageti na madirisha Unga Limited, Arusha. Nataka kutumia vipande vya bomba la chuma vinavyobaki kutengeneza stendi za kuuza. Je, ni lazima niweke waya wa ardhini? Na je, naweza kutengeneza zile zinazojikunja kwa springi?

JIBU: Ndiyo, ni lazima. Stendi ya mama wa Pasua ni ya plastiki na saruji, na mtu haigusi chuma popote. Ya kwako ni chuma kitupu. Uzi wa moto ukichubuka ndani ya bomba, stendi nzima inakuwa na umeme, na mnunuzi wako hatajua mpaka aiguse. Tumia waya wa nyuzi tatu, ule wa kijani na njano uukaze kwenye chuma kwa bolti na washa (kile kibati cha duara chenye tundu) mahali palipokwanguliwa rangi, na upande wa pili uende kwenye mguu mrefu wa plagi. Ndani ya bomba lainisha kwa tupa kila ncha uliyoikata, kwa sababu makali ya chuma ndiyo yanayochubua ganda. Kumbuka pia kwamba kazi hiyo yote inategemea nyumba ya mnunuzi kuwa na fimbo ya ardhini iliyofungwa ipasavyo, nawe huna uwezo wa kuikagua kila nyumba. Ndiyo maana nadhani ingekufaa zaidi kutengeneza stendi za chuma zenye taa za volti 12 za betri na sola, ambazo wateja wake Ngaramtoni na vijijini hawakosekani.

Kuhusu springi, taa ya namna hiyo ilibuniwa na George Carwardine, mhandisi Mwingereza aliyekuwa akishughulika na springi za magari, akaiombea hataza mwaka 1932. Siri yake ni kulinganisha mvuto wa springi na uzito wa mkono katika kila pembe, na hilo halipatikani kwa springi yoyote utakayoiokota gereji. Anza na mkono usiokunjika. Ukipata nafasi ya kuitazama taa hiyo, iitwayo Anglepoise, toleo namba 1227 lililotoka mwaka 1935, usizitazame springi kwanza. Tazama kitako chake kizito cha ngazi ngazi.

SWALI: Nina balbu mbili za zamani za wati 60 ambazo hazijaungua. Naweza kuzitumia kwenye stendi ya bomba la plastiki? – Msomaji, Himo.

JIBU: Hapana. Sehemu kubwa mno ya umeme unaoingia kwenye balbu hiyo hugeuka joto, kioo chake huweza kuvuka digrii 100, na kwa kuwa inatazama chini, joto lote hupanda kwenye holda na boksi, ilhali plastiki ya mabomba haya huanza kulegea kwenye digrii 80 hivi. Mkono utaanza kuinama wenyewe. Halafu kuna LUKU: wati 60 kwa saa 4 kila usiku ni uniti 7.2 kwa siku 30, wakati LED ya wati 9 yenye mwanga unaokaribia huo itatumia uniti 1 na kidogo. Balbu zako zifunge darini stoo, mahali unapowasha kwa dakika mbili ukitafuta jembe.