Nchi imeingia Jumuiya, na risiti zako ziko wapi?

Juzi nilipata ujumbe kutoka Uvira. Dada mmoja muuza dagaa ananiuliza: "Dada, Kongo tuko ndani ya Afrika Mashariki tangu 2022. Wenzetu wa Ulaya wakijiunga wanapewa pesa za kuinua mikoa maskini. Zetu tunaziombea wapi?" Niliusoma mara tatu. Swali hilo niliwahi kuliuliza mwenyewe, na jibu lake lilinigharimu heshima.

Tulikuwa wanawake ishirini na wawili mwaloni Kibirizi, Kigoma. Dagaa tulianika mchangani; mvua ikinyesha, mtaji umeoza. Tukasikia kuna mfadhili anasaidia vikundi vya mpakani. Kwa kuwa mimi ndiye niliyefika kidato cha nne, nikabebeshwa andiko la mradi. Nililiandika usiku kwa mwezi mzima, mtoto mgongoni. Likapita! Siku hiyo tulicheza ngoma palepale mwaloni.

Kisha tukasomewa mkataba. Sehemu ya gharama itoke kwetu. Nyingine tutangulize sisi, tupeleke risiti, ndipo turudishiwe. Kwenye kisanduku cha kikundi kulikuwa na pesa za rambirambi tu. Benki ikataka hati ya kiwanja, hatuna. Tukakopa mtaani kwa riba ya kutisha, tukajenga vichanja viwili vya kuanikia dagaa, kati ya sita tulivyoandika. Fundi alikuwa ametuandikia malipo kwenye karatasi ya daftari, madai yetu yakakataliwa. Muda wa mradi ukaisha. Aliyeitwa mwizi ni mimi. Kuna mama mmoja niliyemheshimu kama mzazi, hadi leo tukikutana sokoni anageuza uso. Miaka imepita na bado inauma.

Nilipotulia nikaanza kusoma hayo ya Ulaya tunayoyatamani. Ni kweli, mkoa wenye pato la kila mtu chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja wa Ulaya huhesabiwa kuwa nyuma, na gharama za mradi zinaweza kubebwa hadi asilimia 85. Poland, kabla ya kuingia Mei 2004, ilikuwa tayari inapokea fedha za maandalizi: Phare kwa taasisi, ISPA kwa barabara na maji, SAPARD kwa wakulima. Lakini mkulima wa SAPARD alijenga kwanza kwa pesa yake au ya mkopo, ndipo akadai sehemu irudi. Niliposoma hapo nililia. Kumbe kisu kilichotukata sisi kinawakata hata wao. Bulgaria iliingia 2007, na mwaka uliofuata ikapoteza euro milioni 220 kwa usimamizi mbovu wa fedha, nchi nzima na wizara zake! Sembuse kikundi chetu.

Na sisi tuliwahi kulifikiria jambo hili. Jumuiya ya 1967 iliunda Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, Kampala, ikapangiwa kuwekeza asilimia 38.75 Tanzania, 38.75 Uganda na 22.5 Kenya, kwa sababu viwanda vilikuwa vimerundikana Kenya. Haikutosha. Jumuiya ikafa 1977, na mkataba mpya wa 1999 unataja waziwazi mgawanyo usio sawa wa manufaa kuwa sababu mojawapo. Viongozi wetu waliosaini maneno hayo wanadaiwa. Jumuiya ya leo haina mfuko wa kugawia mikoa iliyo nyuma kama ule wa Ulaya, na mimi nasema ni kosa, hasa kwa watu wa Uvira, Kigoma na Rumonge ya Burundi walio mbali na kila mji mkuu.

Ila wewe dada usikae kuusubiri. Anza na akiba. Sisi tulirudi kwenye shilingi elfu mbili kila wiki kila mtu, na tulibaki kumi na mmoja. Kila senti ikapita benki. Kila msumari ukawa na risiti ya mashine. Baada ya miaka miwili tukaomba tena kwa mfadhili mwingine, tukatanguliza fedha zetu, tukarudishiwa zote. Leo vichanja sita vimesimama, na kila mvua ikinyesha navitazama na kifua kinajaa.

Halafu tumia kilichopo. Mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, una utaratibu rahisi wa biashara mpakani na cheti chepesi cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani. Kaulizie forodhani kwenu unafanyaje kazi. Na weka risiti! Jamani, wekeni risiti, wekeni akiba, msiingie mkataba ambao hamjausoma hadi ukurasa wa malipo.

Dada wa Uvira, ukishafungua akaunti ya kikundi niandikie. Andiko lako nitalisoma mstari kwa mstari, bila malipo, nikianzia na ukurasa huo.