Maswali na majibu: Kiharusi baada ya kuruhusiwa hospitali

Mbona Dar kila mtaa kuna mtu kapooza? (Msomaji, Tandika)

Hujakosea. Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka hapa jijini. Wilayani Hai, Kilimanjaro, walikuwa kama 109. Tofauti za umri zilishazingatiwa, kwa hiyo tusiusingizie uzee. Mhusika mkuu ni presha: wengi hawajui kama wanayo, na wengine huacha dawa wakijisikia nafuu.

Shikamoo daktari. Mama ameruhusiwa, upande wa kulia hausogei. Nauli ya bajaji na malipo ya fiziotherapia vimetushinda. Tukiacha itakuwaje? (Msomaji, Mbagala)

Marahaba mwanangu. Naomba msiache, maana miezi mitatu ya kwanza ndiyo mwili unarudisha mengi zaidi. Kama hamuwezi kwenda kila mara, mwambieni mtaalamu ukweli wa mfuko wenu, kisha mwanafamilia mmoja akae naye afundishwe mazoezi ya kufanya nyumbani.

Mkimwinua msimvute mkono uliolegea, bega litateguka, na maumivu yake humfanya mgonjwa akatae mazoezi kabisa. Uwekeeni mto chini yake. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo. Uji anywe akiwa amekaa wima. Akikohoa kila anapomeza, simamisheni na mumrudishe hospitali, kwani chakula kikiingia kwenye mapafu kinaua.

Kuhusu malipo, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mkaombe msamaha. Kama ametimiza miaka 60 na hana uwezo, sera inamruhusu kutibiwa bure. Ulizeni dirisha la wazee, na msione haya.

Serikali ifanye nini? (Msomaji, Kimara)

Ilipe mazoezi kama inavyolipia dawa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kwangu mimi kitita cha huduma za bima ambacho hakimbebi mgonjwa wa kiharusi kwa miezi kadhaa ya fiziotherapia kimemwacha nusu ya njia. Tunaokoa maisha wodini, halafu binti anaacha kibanda chake cha chakula ili amlee baba, na nyumba nzima inakosa kipato. Gharama hiyo haimo kwenye bajeti yoyote, ila ipo. Huko Abuja mwaka 2001 nchi za Afrika ziliahidi afya asilimia 15 ya bajeti. Wabunge wetu wa Dar waulizwe ahadi hiyo, na waulizwe pia kila hospitali ya wilaya ina wataalamu wangapi wa viungo.

Jirani anasema ni jini, tumpeleke kwa mganga kwanza. (Msomaji, Manzese)

Hapana. Mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki: hospitali saa hiyohiyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu, tena baada ya picha ya ubongo. Msimpe aspirini njiani. Kama mshipa umepasuka, mtamwongezea kuvuja damu.